Akoru Alivyoshuka Feri Mapema

Ukifika Kakuma mjini, upande huu wetu wa wenyeji, ukauliza kwa Mama Feri ni wapi, mtu wa bodaboda atakutazama kama mtu aliyeuliza jua linachomozea wapi. Atakuvusha mchanga wa mto Tarach, atapinda penye boma la miba, na atakushusha mbele ya kibanda kilichoezekwa kwa makuti ya mkoma. Hapo utamkuta mwanamke mrefu, mkavu, ameketi chini anasuka kikapu. Jina lake ni Akoru. Vikapu vyake huviuza kambini kwa wakimbizi na hadi Kalobeyei, na akikwambia bei usijaribu kubishana naye, utachoka bure.

Jina hilo la Feri hakulitaka. Alibandikwa na wanawake wa kisimani, na watu wa Kakuma wakikubandika jina utazikwa nalo. Wakimwona tu anakuja na mtungi wake, wanaanza.

"Mama Feri, hebu rudia. Magari yanaingia tumboni mwa hiyo meli?"

"Yanaingia."

"Hata malori?"

"Hata malori, na mizigo yake juu."

"Na haizami?"

"Ingezama ningekuwa hapa nabishana na wewe? Songa nichote maji."

Wanacheka, naye anacheka nao. Atawaambia habari ya mbwa waliokuwa na viti vyao ndani ya feri, na ya mabibi wazee waliobeba keki kwenye maboksi ya utepe, na ya maji mengi yasiyo na mwisho ambayo huwezi kumnyweshea hata mbuzi mmoja. Lakini kuna mahali hadithi yake huruka. Kutoka kwenye feri anatua moja kwa moja Lodwar, utadhani bahari ile inapakana na Lodwar, na wale wanawake hawamuulizi ya katikati kwa sababu wanauona uso wake unavyokuwa. Sisi leo haturuki.

Akoru alikuwa na binti mmoja, Abei. Kabla ya Abei alizika wachanga wawili, na baada yake hakushika mimba tena. Kwa hiyo unaweza kukisia huyo mtoto alivyolelewa. Alipelekwa shule, akamaliza kidato cha nne, akapata kazi ya kupika kwenye kantini ya shirika moja pale kambini. Rafiki yake alikuwa Agot, msichana wa Kidinka waliyesoma naye darasa moja, na hao wawili walikuwa chanda na pete. Agot akiumwa kichwa, Abei anameza dawa.

Ndipo akatokea wakala wa Nairobi, Mungu ndiye atakayemlipa, akawaahidi wote wawili kazi ya hoteli Uturuki. Akoru alikataa. Alipiga kelele hadi majirani wakaja. Lakini mumewe, mzee Lokorio, alisema mtoto ana akili, mwacheni aende. Akachota maji kinywani akampulizia Abei kifuani na usoni, baraka ambayo mzazi wa Kiturkana humpa mwanawe anayekwenda mbali, akamwambia, "Njia yako iwe baridi."

Hoteli ilikuwa wapi? Hakukuwa na hoteli. Ilikuwa nyumba ya mtu, na pasipoti zao zilifungiwa kabatini. Wakatoroka, wakavuka bahari kwa mtumbwi wa mpira, wakafika Ugiriki wakiwa wamelowa na wako hai. Agot alibaki Athene akimtunza mzee mmoja asiyeweza kutembea. Abei akapata kazi katika kisiwa kidogo, kwenye nyumba ya wageni, kufua mashuka na kupanga vitanda. Jina la kisiwa hicho Akoru hakuwahi kulitamka sawasawa na mimi sitalijaribu. Jumapili, baada ya misa, Abei alikuwa akipiga simu. "Mama, nikifungua dirisha naona kilima, mgongo wake kama wa mlima wetu wa Pelekech. Basi najidanganya niko nyumbani." Alituma na picha: bandari, nyumba nyeupe, na kilima hicho na kikanisa juu yake. Akoru aliiangalia picha hiyo kila siku hadi akaijua kama anavyoujua mlango wake.

Mwaka wa korona kifua kikambana Abei. Kisiwani hapakuwa na hospitali ya maana. Akafa. Mipaka ilikuwa imefungwa, ndege haziruki, na akazikwa hukohuko na watu waliomfahamu kwa jina moja tu. Agot ndiye aliyepiga simu, na kwa muda mrefu alichoweza kusema ni "mama, mama," basi. Akoru alikata simu kabla hajaambiwa lolote, kwa sababu alikuwa ameshajua.

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na wazazi walikuwa wawili. Mzee Lokorio macho yake yalikuwa yameshaharibika kwa trakoma, na sasa hata ule mwanga kidogo aliokuwa nao akawa hautumii. Alikaa kivulini akielekeza uso ukutani. Neno lake likawa moja. "Mimi ndiye niliyempulizia maji. Mimi ndiye niliyemfungulia njia. Hawezi kulala kwa watu, halafu mimi nilale kwetu." Akikohoa, akipewa dawa, anasukuma mkono. Ukimwambia utakufa, mzee, anajibu kwamba hawezi kufa kabla Abei hajaja, akili yake iko timamu na hajapoteza chochote ila mtoto. Akoru alikuwa akimsikiliza usiku na mchana, na nakuambia ukweli, kuna siku alimchukia.

Mwaka wa tatu Agot akapiga simu na habari ambayo Akoru alimtaka airudie. Kisiwa kile ni mwamba mtupu, ardhi ya kuzikia ni kidogo, kwa hiyo maiti huazimwa kaburi kwa miaka mitatu tu. Ikiisha, kaburi hufunguliwa. Mifupa huoshwa kwa divai, ikatiwa sandukuni, ndugu wakakabidhiwa. Asiye na ndugu hutiwa katika shimo moja, pamoja na wote wasio na watu. Zamu ya Abei ilikuwa imekaribia.

"Wanawafukua?" Akoru alisema. "Watu wazima, na akili zao, wanafukua wafu?"

Alimwendea mumewe kwa hasira, akamweleza. Mzee Lokorio, kwa mara ya kwanza tangu ule mwaka, akacheka. Alicheka machozi yakimtoka.

"Mama Abei, Mungu amewapa hao watu mila mbaya kwa faida yetu. Kumbe anaweza kubebeka! Waambie wasimtupe. Nenda ukaniletee mtoto wangu."

Basi hilo ndilo lililokuwa jambo. Si kwenda kuona Ulaya. Ni kumleta Abei kabla mzee hajazimika.

Mtu aliyemsaidia alikuwa Keziah, mwanamke Mluhya, karani wa parokia moja pale Lodwar. Alimpeleka ofisi hii na ile, akamlaza nyumbani kwake kila alipoambiwa rudi kesho, na alipochoka kuambiwa rudi kesho alimgombeza ofisa mmoja mbele za watu hadi yule ofisa akatafuta muhuri. Waumini wakachanga. Watawa wakaandika barua kwa watawa wenzao wa Athene. Hatimaye Akoru akapanda ndege, yeye ambaye chombo kikubwa kuliko vyote alichokuwa amekipanda ni lori la chakula cha msaada.

Huko uwanja wa ndege alileta kasheshe. Shingoni alikuwa amevaa pete ya chuma ya mke wa mtu, na mashine ikapiga kelele. Askari akamwambia aivue. Akoru akamwambia hiyo huvuliwa mume akifa. Askari akamwambia ni dakika moja tu. "Kwani wewe umesikia mume wangu amekufa kwa dakika moja?" Wakamwita mkubwa, mkubwa akatazama, akachoka, akampitisha. Kisa hiki wanawake wa kisimani wanakipenda kupita vyote.

Agot alimpokea Athene. Walipoonana walishikana tu wakalia katikati ya watu wenye mikoba. Kulipokucha wakaenda bandarini, mahali panapoitwa Pirea, na Akoru akaiona hiyo feri: jengo la ghorofa lililolala majini, mlango wake wa nyuma umeshushwa, magari yanaingia moja baada ya jingine kama ng'ombe wanaoingia zizini.

"Mama, mimi siwezi kuja," Agot alisema. "Yule mzee wangu nikimwacha hata siku moja nafutwa. Nisikilize vizuri. Ni kisiwa cha tatu. Cha kwanza, Paros, usishuke. Cha pili, Naxos, usishuke. Cha tatu ndicho. Mlinzi wa makaburi na padri watakungoja palepale meli inaposimama. Kesho asubuhi ndio watafungua kaburi, ukiwapo. Jina la kisiwa nimeliandika hapa. Ukichanganyikiwa onyesha mtu yeyote."

"Nitashukaje pengine? Nakijua. Nimekiona kwenye picha miaka yote hii."

"Mama, tafadhali. Onyesha karatasi."

"Sawa, mwanangu. Nitaonyesha."

Ndani kulikuwa na viti vya kulalia, lakini Akoru alipanda juu, kwenye upepo, akatandika shuka yake akaketi. Mlango ukavutwa kwa minyororo. Nchi kavu ikaanza kurudi nyuma. Alijishika mahali akaomba Salamu Maria zote alizozijua, kisha alipoona watu wengine wanakula mikate kana kwamba hakuna jambo, akatulia. Bibi mmoja aliyevaa nguo nyeusi mwili mzima akamkatia kipande cha keki. Hawakuwa na lugha. Bibi aligusa nguo yake nyeusi, akaonyesha vidole viwili, akaonyesha chini. Akoru akaonyesha kidole kimoja. Yule bibi akamshika mkono, na wakakaa hivyo bahari ikipita.

Visiwa vilianza kutokea. Vilikuwa vikavu, vya mawe, bila mti, na moyo wa Akoru ukafunguka kidogo, maana alikuwa amedhani Ulaya yote ni majani. Huku ni kwetu tu, alijiambia, ila maji yamejaa pale tambarare inapotakiwa kuwa. Baba yake Akoru alichunga Nakalale maisha yake yote, akiwahamisha watu na mifugo kwenye nchi isiyo na kibao cha barabara, na alimfundisha jambo moja: ukipotea, tafuta kilima unachokijua. Mtu atakudanganya. Njia itafutwa na upepo. Kilima hakihami. Mturkana hasafiri kwa karatasi, anasafiri kwa vilima.

Feri ikaingia kwenye bandari ya kwanza. Kipaza sauti kikabwata maneno. Akoru akasimama kutazama. Kilima hicho hapo! Mgongo wa Pelekech, ule ule, na kikanisa cheupe juu, na nyumba nyeupe chini. Alitoa picha akalinganisha. Ulikuwa ni ule ule. Agot alisema cha tatu, lakini Agot alikuwa Athene anatunza mzee, amewahi kukaa huku? Na watu wengi walikuwa wanashuka, karibu wote. Karatasi ilikuwa mfukoni. Yule bibi wa keki alikuwa pale pale, angeweza kumwonyesha. Kuuliza si ujinga, lakini ni nani anayeuliza jina la mlango wake mwenyewe?

Akoru akashuka.

Mlango ukafungwa, feri ikageuka ikaenda zake. Alitafuta mlinzi na padri, hakuwaona. Akasema labda wamechelewa, akangoja. Watu wakaisha bandarini. Hakutishika, maana kilima kilikuwa pale, basi akaanza kukipanda kwa miguu. Makaburi aliyakuta nyuma ya kanisa moja, ya marumaru, kila moja na picha ya mwenyewe ndani ya kioo. Akapita kaburi kwa kaburi akitafuta uso mweusi. Alipita safu zote. Akarudia tena upande wa pili, polepole, akaita jina lake kwa sauti. Jua likazama. Akalala kwenye kizingiti cha kanisa, amejifunika shuka, akijua kwamba asubuhi padri na mlinzi watakuja kufungua kaburi na watamkuta. Alilala amefurahi, maskini. Alidhani amelala karibu na mwanawe.

Asubuhi hakuna aliyekuja. Ilipokaribia adhuhuri alishuka bandarini. Akaingia kwenye duka la kahawa, akatoa karatasi. Mama mwenye duka akaisoma. Akaziba mdomo kwa mkono. Akamtoa nje, akamgeuza kwa mabega, akanyoosha kidole baharini, mbali, penye kijiwe cha buluu hafifu juu ya maji.

Visiwa vile vyote, jamani, vina kilima. Vyote vina kikanisa cheupe juu yake.

Mama yule alichukua simu ya Akoru, ambayo haikushika mtandao wa huko, akaiona namba ya Agot, akapiga kwa simu yake mwenyewe. Akoru alisikia sauti ya Agot ikipanda. "Mama, uko wapi? Walikungoja jana hadi bandari ikafungwa! Subiri, usikate." Agot akapiga kule kisiwani, akarudi. Sasa sauti ilikuwa chini. "Mama, wameshafungua. Asubuhi hii. Kulikuwa na msiba mwingine, mzee wa huko, na alitakiwa kuzikwa leo mahali palepale. Walifikiri hutakuja tena."

"Wamemweka wapi?"

Agot akaanza kueleza habari ya huyo mzee aliyezikwa.

"Agot, nimekuuliza. Mtoto wangu wamemweka wapi?"

"Shimoni, mama."

Unataka nikwambie alifanya nini? Alikaa chini barabarani. Hakulia. Mkono wake ulikuwa unapigapiga paja lake wenyewe tu, na mdomo wake ulikuwa unasema neno moja kwa Kiturkana, kilima, kilima, kilima. Yule mama wa kahawa akaketi naye vumbini, aproni yake nyeupe na vyote.

Na kama vile haikutosha, upepo wa kaskazini ukaanza. Bahari ikageuka nyeupe, na wakubwa wa bandari wakazuia meli zote. Akoru alilazwa nyumbani kwa yule mama, lakini mchana alikuwa akiketi bandarini akitazama kile kijiwe cha buluu. Alikuwa anakiona. Hicho ndicho kilichomuumiza. Kakuma, ukikiona kitu unaweza kukiendea, hata kama utatembea siku nzima. Hapa alikiona kisiwa alicholala mwanawe na hakuweza kuongeza hatua hata moja. Alijilaani, akamlaani baba yake na vilima vyake, kisha akamwomba baba yake msamaha.

Upepo ulipotulia feri ikaja, na safari hii alimwonyesha karatasi kila mtu, hata mbwa angemwonyesha. Kwenye bandari ya tatu mlinzi wa makaburi alikuwa amesimama, mzee mfupi, kofia mkononi. Macho yake yalikuwa mekundu. Alimpeleka nyuma ya ukuta wa makaburi, akasukuma kifuniko cha saruji, na Akoru akatazama chini.

Sitaki kukueleza sana. Ilikuwa mifupa ya watu wa miaka mingi, iliyolundikana kama kuni. Siku ile ile ya Abei yalikuwa yamefunguliwa makaburi mengine pia, ya watu wasio na ndugu, na mifupa yote ilimwagwa pamoja. Mlinzi akaeleza kwa simu yake, Agot akatafsiri, sauti yake ikitoka kwenye kile kisanduku kidogo mkononi mwa Akoru.

"Anasema ile ya juu ndiyo yake. Anasema atakusanya, ataosha kwa divai, ataweka kwenye sanduku, na ofisi itaandika jina lake. Atafanya bure."

"Muulize ana hakika?"

Wakaongea. Mlinzi alitazama pembeni.

"Anasema anaamini hivyo, mama."

"Sikuuliza anaamini nini. Ana hakika?"

"Hapana, mama. Hana."

Akoru akapiga magoti kwenye ukingo, akatafuta alama. Zamani ingekuwepo. Binti wa Kiturkana alikuwa aking'olewa meno mawili ya chini mbele, Akoru mwenyewe hana yake, na mifupa ya mtu wetu ungeitambua popote duniani kwa pengo hilo. Lakini Abei alipofika umri huo, na bibi mwenye chuma akaja, alilia sana, na Akoru ndiye aliyesimama mlangoni akasema huyu wangu hamumgusi, huyu ni wa shule. Alimkinga. Alijivunia meno ya mwanawe yaliyokamilika. Na sasa alikuwa akitazama mataya ya Wagiriki, mengi yamekamilika, yote yamenyamaza, na hakujua lipi ni la mtoto aliyemnyonyesha.

"Mama," Agot alisema kwenye simu, "uamuzi ni wako. Mimi sitasema neno kwa mtu."

Alifikiri. Kama si Abei, basi ni mtoto wa mwanamke mwingine, na kumbeba ni wizi, wizi mbaya kuliko wa ng'ombe. Huenda naye ana mama, pengine kwenye mtumbwi mwingine, pengine Somalia au Kongo, anayemtafuta hadi leo. Alimfikiria pia yule mzee kipofu ameelekeza uso ukutani, anakataa dawa, anangoja. Arudi amwambie nini? Kwamba alishuka mapema? Kwamba mtoto alikuwa anabebeka, na yeye akamwacha amwagwe kwa sababu ya kilima? Alikaa pale hadi magoti yakafa ganzi. Mlinzi alikuwa analia waziwazi, mtu mzima.

"Mwambie aweke," alisema Akoru.

Kwa hiyo ndivyo alivyotua Lodwar, na sanduku la bati limefungwa kwa shuka yake, na karatasi yenye jina la Abei na muhuri juu yake. Keziah alikuwa amekuja na kwaya nzima. Waliimba uwanjani pale, wakaimba garini hadi Kakuma, vumbi likiwaingia vinywani, nao wakimsifu: mwanamke gani huyu, shujaa, amevuka bahari kumfuata mwanawe! Kila sifa ilimchoma. Alikuwa amepakata lile sanduku magotini na hakuinua uso.

Mzee Lokorio alikuwa amesimama mlangoni, wamemshika huku na huku.

"Mama Abei, ejok, u mzima?"

"Ejok, Baba Abei."

"Umemleta?"

Watu wote walikuwa wanasikiliza. Akoru alifungua mdomo. Hapo angeweza kusema, na nadhani alikuwa anataka kusema. Lakini yule mzee alikuwa amenyoosha mikono yote miwili mbele yake, hewani, akipapasa, na Akoru akaliweka sanduku lile mikononi mwake.

"Nimemleta."

Mzee aliligusa kila upande. Alilipima. "Mwepesi," alisema, "alikuwa mwepesi tangu utotoni." Kisha akaegemeza shavu lake pale kwenye bati akaanza kuongea nalo taratibu, akiomba radhi, akieleza kwamba yale maji alimpulizia kwa nia njema. Aliongea hadi wanaume wakaanza kutazama chini. Wakamzika kando ya boma, padri akasali, na mzee mwenyewe akaweka tumbaku juu ya udongo, kama tunavyowasalimia wetu waliotangulia. Usiku ule alilala bila kukohoa. Akala. Akanywa dawa. Alicheka na watoto wa majirani. Mvua zilipokuja akafa usingizini, ameridhika, na akazikwa pale pale, ubavu kwa ubavu na sanduku lile, kama alivyotaka.

Watu husema Mama Feri ana bahati, walau watu wake wote wawili amewaweka mahali anapopaona. Naye huitikia, "Ndiyo, Mungu ni mwema." Lakini kila asubuhi, kabla hajashika kikapu, huenda makaburini na tumbaku yake kwenye kiganja. Kwa mumewe huweka bila kusita. Kwenye lile la pili husimama kwanza.

"Ejok, Abei," husema. "Na kama si wewe, ejok, mtoto wa watu. Usiogope, huyu mzee aliye karibu nawe ni mpole. Na mama yako, popote alipo, Mungu amwambie kwamba uko na mtu."

Huweka nusu ya tumbaku hapo. Nusu inayobaki huirusha upande wa kaskazini, kule iliko bahari, kwa ajili ya Abei, maana huenda bado yuko shimoni na hakuna mtu huko wa kumsalimia.